Mchunga na Mchungaji: Msingi wa Biblia wa Jina la Mchungaji wa Kanisa na Hali Yake katika Kiswahili

Majina ya vyeo vya Kanisa katika Kiswahili yametoka pande nyingi. Padre, au padri, ni jina lililoletwa na Wareno. Kasisi, shemasi na askofu yametoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kilikwisha kuyapokea kwa Wakristo wa kale wa nchi za Shamu: kasisi na shemasi kwa njia ya Kisiria, na askofu kutoka neno la Kiyunani episkopos, maana yake mwangalizi. Kati ya majina yaliyoenea sana, moja tu limezaliwa na kitenzi cha Kiswahili chenyewe, nalo ni mchungaji. Mtu asiyejua lolote la habari za Kanisa hawezi kukisia maana ya kasisi wala ya askofu kwa kuyasikia tu. Lakini akisikia mchungaji anajua mara moja kwamba pana mtu, pana wanyama, na pana malisho.

Kwa sababu hiyo jina hili linastahili kuangaliwa kwa makini na wenye kuchunguza lugha. Maneno ya kigeni yakiingia katika lugha huja na maana zilizokwisha kukatwa na kupimwa kwingine. Neno la wenyeji likipewa kazi mpya huja na mizigo yake ya zamani. Basi yafaa kuuliza maswali mawili. La kwanza, Biblia inampa mhudumu wa Kanisa kazi ya kuchunga kwa maana gani hasa? La pili, je, maana hiyo imefika katika Kiswahili ikiwa nzima, au imepungukiwa njiani? Itaonekana hapa chini kwamba katika Maandiko kuchunga ni kazi ya amana kabla ya kuwa cheo: mchungaji huangalia mali isiyo yake, naye hudaiwa hesabu. Itaonekana pia kwamba Kiswahili kilikuwa tayari kuipokea maana hiyo kuliko lugha kadhaa za Ulaya, ila umbo la jina lenyewe, pamoja na desturi ya kulitumia, limeanza kuificha.

Yafaa kuanza na hali ya wachungaji wenyewe katika nchi za Mashariki ya kale. Mchungaji wa nchi hizo aghalabu hakuwa mwenye kundi. Alikuwa mtoto wa mwenye mali, au mkwe wake, au mtu wa ujira. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 kabla ya Kristo, zinaeleza wazi mambo yanayompasa mtu aliyekabidhiwa ng'ombe au kondoo wa mwingine. Akipoteza mnyama, hana budi kumrudishia mwenyewe mnyama wa kadiri ile ile. Kundi likiharibika kwa uzembe wake, hasara ni yake. Lakini simba akivamia zizi, mchungaji huapa mbele ya mungu kwamba hana hatia, na hasara humwangukia mwenye mali. Torati nayo, katika sura ya 22 ya Kutoka, inaagiza jambo linalofanana na hili: mnyama aliyekabidhiwa mtu akiraruliwa na mnyama mkali, yule mtu ataleta mabaki kuwa ushahidi. Ndiyo maana nabii Amosi, katika sura ya 3, anamtaja mchungaji anayepokonya kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Msomaji wa leo hudhani kwamba mchungaji yule anajaribu kumwokoa mnyama aliyekwisha kufa. La, anatafuta ushahidi wa kumwonyesha bwana wake.

Watu wakuu wa Agano la Kale wanaosifiwa kwa kuchunga walikuwa katika hali hiyo hiyo. Yakobo alichunga kundi la Labani, na katika sura ya 31 ya Mwanzo anajitetea kwa lugha ya mtu anayetoa hesabu: kilichoraruliwa hakukileta kwa mwenyewe, alikilipa yeye, mchana jua lilimla, na usiku baridi, na usingizi ukamtoroka. Musa alipouona moto katika kijiti alikuwa akichunga kundi la mkwewe Yethro. Daudi alipoitwa kutoka malishoni kutiwa mafuta alikuwa na kondoo wa baba yake. Hakuna hata mmoja katika watatu hawa ambaye kundi lililomfundisha kazi lilikuwa mali yake.

Ni kweli kwamba wafalme wa nchi zile walipenda kujiita wachungaji wa watu. Hammurabi mwenyewe anajiita hivyo katika utangulizi wa sheria zake, na katika tenzi za Homer wafalme wa Wayunani, Agamemnon miongoni mwao, wanaitwa wachungaji wa watu. Biblia pia inaujua usemi huo. Makabila ya Israeli yanamwambia Daudi kwamba Mungu alimweka awachunge watu wake, na katika kitabu cha Isaya hata Koreshi mfalme wa Uajemi anaitwa na Mungu mchungaji wake. Lakini ipo tofauti kubwa. Mfalme wa Babeli alilitaja jina hili ili kujisifu. Manabii wa Israeli walilitaja hasa ili kuwashitaki wafalme wao. Yeremia, sura ya 23, anawalaumu wachungaji wanaotawanya kundi. Ezekieli, katika sura ya 34, anaendeleza mashitaka hayo kwa urefu kuliko mwingine yeyote: wachungaji wa Israeli wanajilisha wenyewe, wanavaa manyoya ya kondoo na kuchinja walionona, wala hawamfungi aliyevunjika wala kumtafuta aliyepotea. Hukumu inayofuata ni hukumu ya mwenye mali juu ya mtu wa amana: Mungu atalitaka kundi lake mikononi mwao, atawaachisha kazi, naye mwenyewe atawatafuta kondoo wake.

Inafaa kulinganisha maneno hayo na mabishano yaliyomo katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato. Huko Thrasymachus anadai kwamba wachungaji huwanonesha kondoo kwa faida ya bwana zao au ya nafsi zao, na kwamba watawala ni vivyo hivyo. Socrates anamjibu kwamba kazi ya kuchunga kwa haki yake hutazama mema ya wanaochungwa. Ezekieli aliishi karne mbili kabla ya Plato, naye hakuingia katika mabishano ya namna hiyo. Kwake jambo lilikuwa la sheria: kondoo wana mwenyewe, na mwenyewe amekuja.

Katika Agano Jipya mashitaka ya Ezekieli ndiyo yaliyo nyuma ya sura ya 10 ya Injili ya Yohana, ambapo Yesu anajiita mchungaji mwema na kumtofautisha na mtu wa ujira anayekimbia aonapo mbwa-mwitu. Waraka kwa Waebrania na Waraka wa Kwanza wa Petro vilevile humpa Kristo jina hili, na Petro huliunganisha na jina la mwangalizi. Ama kwa viongozi wa Kanisa, habari ni tofauti na inavyodhaniwa na wengi. Jina la Kiyunani poimen, yaani mchungaji, limetumika kwa wahudumu wa Kanisa mara moja tu katika Agano Jipya zima, nayo ni katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 4, aya ya 11. Hapo wachungaji wanatajwa pamoja na waalimu, na katika Kiyunani majina yote mawili yamewekwa chini ya kibainishi kimoja, hata wafasiri wengi wameona kwamba wanaokusudiwa ni watu wale wale, au watu ambao kazi zao zinaingiliana sana. Hakuna mahali popote ambapo mtu mmoja wa Kanisa, Petro au Paulo au Timotheo, anaitwa Mchungaji fulani.

Kitenzi, kinyume chake, kinarudi mara kwa mara. Katika sura ya 21 ya Injili ya Yohana, Petro anaambiwa mara tatu awaangalie kondoo. Katika sura ya 20 ya Matendo ya Mitume, Paulo anawaita wazee wa Efeso waje Mileto, anawaambia kwamba wamewekwa kuwa waangalizi, na kwamba kazi yao ni kulichunga Kanisa. Aya hizo ni muhimu sana, kwa kuwa watu wale wale wanaitwa wazee kwa heshima yao, waangalizi kwa wadhifa wao, na kuchunga kunatajwa kuwa ndiyo kazi yao. Katika sura ya 5 ya Waraka wa Kwanza wa Petro, mwandishi, akijitaja kuwa mzee mwenzao, anawaagiza wazee walichunge kundi la Mungu, si kwa kulazimishwa, wala kwa kutaka fedha ya aibu, wala kwa kujifanya mabwana. Na Mchungaji Mkuu atakapodhihirishwa watapokea taji. Hapa lugha ya amana imekamilika. Kundi ni la Mungu, mchungaji aliye mkuu ni Kristo, na wazee ni wachunga waliowekwa chini yake kwa muda.

Haifai kuficha kwamba kitenzi poimaino kina pia upande wa utawala. Katika kitabu cha Ufunuo kinatumika kwa atakayeyatawala mataifa kwa fimbo ya chuma. Lakini kitabu hicho hicho, katika sura ya 7, kinasema kwamba atakayewachunga waliookoka ni Mwana-Kondoo. Mchungaji mwenyewe ni wa kundi. Mtu akitaka kuegemeza mamlaka yasiyo na mipaka juu ya neno hili, aya hiyo inamzuia.

Sasa inafaa kuitazama njia ambayo maneno haya yalipitia kabla ya kufika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kiyunani cha sura ya 21 ya Yohana kina vitenzi viwili. Katika amri ya kwanza na ya tatu kitenzi ni bosko, yaani kulisha. Katika amri ya pili ni poimaino, yaani kuchunga, ambako kulisha ni sehemu yake moja tu, pamoja na kuongoza, kulinda na kutafuta. Wataalamu wengine husema kwamba Yohana alibadili maneno kwa kupenda tu mabadiliko ya usemi. Hata ikiwa hivyo, vitenzi ni viwili, na mfasiri hana budi kuchagua. Biblia ya Kilatini ilivikusanya vyote katika kitenzi kimoja, pascere, chenye maana ya kulisha, ambacho ndicho kilichozaa jina pastor. Kisha katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, Kilatini kikaacha kulisha na kutumia regere, kitenzi cha kuongoza na kutawala. Vivyo hivyo Zaburi ya 23, ambayo katika hesabu ya Kilatini ni ya 22, iliimbwa katika Kanisa la Magharibi kwa karne nyingi ikiwa na kitenzi hicho hicho cha regere mahali pa kuchunga.

Haitakuwa haki kusema kwamba fasiri hiyo ndiyo iliyoleta mafundisho ya utawala wa Kanisa la Magharibi. Augustino alihubiri kwa ukali juu ya sura ya Ezekieli akiwaonya maaskofu wenzake na kujionya nafsi yake; naye Papa Gregori Mkuu, aliyeanza kazi yake mwaka 590, aliandika kitabu kizima juu ya kazi ya kuchunga ambacho kilisomwa katika zama zote za kati. Hata hivyo ni dhahiri kwamba maneno ya Yohana 21 yalipata uzito wa kisheria. Papa Bonifasi VIII aliyategemea katika waraka wake wa mwaka 1302 kuthibitisha mamlaka ya kiti chake, na mtaguso wa Vatikani wa mwaka 1870 uliyategemea tena.

Wafuasi wa Matengenezo ya karne ya 16 hawakuliacha jina. Walilichukua wakalipa mahali pa mbele zaidi. Zwingli alihubiri huko Zürich mwaka 1523 juu ya mchungaji wa kweli na wa uongo, na hotuba ile ikachapishwa mwaka uliofuata. Calvin, katika kanuni za Kanisa la Geneva za mwaka 1541, aliweka huduma nne, za wachungaji, waalimu, wazee na mashemasi, akiitumia hasa ile aya ya Waefeso. Tangu hapo mhudumu wa makanisa mengi ya Kiprotestanti akaitwa kwa jina lenye asili ya Kilatini, pastor, naye mtu wa kondoo akabaki na jina la wenyeji. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaonyesha mgawanyiko huo waziwazi: katika Agano Jipya lake jina la Kilatini linatokea mara moja tu, katika Waefeso 4:11, na kila mahali pengine ambapo Kiyunani kina poimen limewekwa jina la Kiingereza la mchunga kondoo. Msomaji Mwingereza aliweza, basi, kumtaja mhudumu wake maisha yake yote bila ya kondoo kumpitia akilini.

Wamisionari walipofika pwani walikuta lugha isiyokuwa na mgawanyiko huo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, akafanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko katika Kiunguja. Agano Jipya zima lilitoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na Biblia nzima mwaka 1891. Mombasa nayo ikapata Biblia nzima katika lahaja yake mwaka 1914. Karl Roehl, akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, alitoa Biblia yake mwaka 1937, akijitahidi kutumia maneno ya Kibantu mahali pa yale ya Kiarabu. Mwisho ikaja fasiri ya muungano, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ambayo imesomwa na makanisa mengi hata leo.

Wafasiri hao walikuta katika Kiswahili kitenzi -chunga kwa kazi yote ya kuangalia wanyama, na kitenzi -lisha, ambacho ni -la katika hali ya kufanyiza, kwa kutoa chakula. Si lugha zote za Kibantu zilizo na utengano huo. Katika Kikuyu, kitenzi cha kuchunga, -rĩithia, kinatokana na -rĩa, yaani kula. Na kwa Wasotho mchungaji ni modisa, kutoka shina la asili hiyo hiyo. Lugha hizo zinamwona mchungaji kama Walatini walivyomwona, kwamba yeye ni mlishaji. Kiswahili kimetenga. Mtu aweza kumlisha mnyama aliyefungwa nyumbani bila ya kumchunga, na aweza kuchunga mchana kutwa mahali penye majani haba, wanyama wakarudi na njaa. Kuchunga ni kuwa macho. Maana hiyo ndiyo inayosikika watu wanapoambiana wachunge ndimi zao, ambako hakuna malisho yoyote.

Kwa hiyo Kiswahili kingeweza kufuata Kiyunani hatua kwa hatua, -lisha kwa bosko na -chunga kwa poimaino; na katika Yohana 21 fasiri ya muungano imefanya hivyo hasa: lisha, chunga, kisha lisha tena. Katika Petro nako imetumia -chunga. Lakini katika Matendo 20:28, ambapo Kiyunani kina kitenzi kile kile cha kuchunga, fasiri hiyo imetumia kulisha. Mgawanyo huu unalingana kabisa na ule wa Biblia ya Kiingereza iliyosahihishwa ya mwaka 1881, nayo katika aya hiyo ilibakiza kitenzi cha kulisha kilichokuwamo tangu 1611. Hasara yake si kubwa, walakini ipo. Msomaji wa Kiswahili haoni upesi kwamba wazee wa Efeso wanapewa agizo lile lile alilopewa Petro, wala haoni kwamba maneno yanayofuata mara, juu ya mbwa-mwitu wakali watakaoingia kundini, yanamhitaji mtu wa kulinda zaidi ya mtu wa kulisha.

Jambo jingine linahusu umbo la jina lenyewe. Kiswahili kina njia mbili za kumtaja mwenye kufanya kazi hii. Iko mchunga, yenye kiishio cha -a, na iko mchungaji, yenye kiishio cha -ji. Majina ya namna ya kwanza kwa kawaida hudai kutajiwa kitu kinachotendwa: mchunga mbuzi, mpiga ngoma, mchoma mkaa, mwuza samaki. Ukisema mpiga ukanyamaza, msikilizaji hungoja. Majina ya namna ya pili hujitosheleza, nayo huonyesha mazoea au ujuzi wa kudumu: msomaji, mwimbaji, mwindaji. Mtu huitwa mwindaji hata siku ambayo hakuenda mwituni.

Ndiyo kusema kwamba mchunga hawezi kutajwa bila ya kundi lake, lakini mchungaji aweza. Biblia ya Kiswahili hutumia mchungaji kwa wote, kwa Mungu katika Zaburi, kwa watu wa makondeni waliopata habari za kuzaliwa kwa Kristo katika Luka 2, na kwa wahudumu wa Kanisa katika Waefeso. Hapo jina moja linamfunika mkubwa na mdogo, nalo limekiunganisha tena kile ambacho Kiingereza kilikitenga. Lakini katika mazungumzo ya kila siku mgawanyiko umeanza kurudi kwa njia nyingine. Kijana anayefuata ng'ombe ni mchunga ng'ombe. Mwenye kanisa la kuhudumu ni Mchungaji, kwa herufi kubwa, hufupishwa Mch. mbele ya jina, na huendelea kuitwa hivyo hata akistaafu. Katika makanisa ya mijini jina pasta nalo limeenea, likitoka katika Kiingereza, nalo halimkumbushi mtu mnyama yeyote. Jina la kazi limekuwa jina la heshima, na kundi limedondoka katika sarufi.

Mabadiliko hayo yanaeleweka zaidi tukikumbuka kwamba katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika ya Mashariki, Wamasai, Wagogo na Wasukuma wakiwamo, kuchunga mchana ni kazi ya watoto wa kiume na vijana, na wazee ndio wenye mali. Kumwita mzee mwenye heshima mchunga kungekuwa kumshusha. Basi lugha ilitafuta umbo la kumpandisha. Lakini mshusho huo ndio uliokuwa maana yenyewe ya Petro: wazee wanaambiwa wafanye kazi ya vijana, kwa kuwa mifugo si yao. Hata desturi ya kumkabidhi jirani ng'ombe awatunze na kunywa maziwa, huku mwenyewe akibaki mwenye mali na kudai hesabu ya ndama, ilijulikana sana katika nchi hizi, nayo ingeweza kuwa ufafanuzi bora wa waraka ule kuliko vitabu vingi vilivyofasiriwa kutoka Ulaya.

Katika Uganda na Rwanda jina la asili kama hii limepanda juu zaidi. Kwa Waganda, Wakatoliki humwita askofu wao omusumba, na kwa Wanyarwanda askofu Mkatoliki huitwa umushumba. Majina yote mawili ni ya mchunga wanyama. Waanglikana wa Uganda, kwa upande wao, walichagua kwa askofu jina la omulabirizi, yaani mwangalizi, wakifuata maana ya episkopos. Tofauti hizi zinaonyesha kwamba Maandiko hayakuweka cheo kimoja chenye jina hili. Yaliweka kazi, nayo makanisa yakaikabidhi kwa vyeo mbalimbali.

Historia ya makanisa ya nchi hizi inathibitisha jambo hilo. Huko Rabai, mwaka 1885, Askofu James Hannington aliwabariki William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Na Cecil Majaliwa, wa misheni ya Unguja, alipata upadre mwaka 1890. Lakini makundi ya waumini yalikuwa yakiangaliwa na waalimu wa dini wasiokuwa na cheo kabla ya hapo na baada yake. Wamisionari Wajerumani walipofukuzwa Kilimanjaro mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya kwanza, makanisa ya Wachaga yalibaki mikononi mwa waalimu wa Kichaga. Waliitwa waalimu tu. Walifundisha, walizika, walipatanisha wagomvi, walitafuta waliopotea. Mwandishi wa Waraka kwa Waefeso, aliyewataja wachungaji na waalimu kwa pumzi moja, asingeona shida kulitaja jina lao la pili.

Limebaki neno moja ambalo wanaolitumia kila siku hawalidhanii kuwa na uhusiano na habari hii. Neno raia limetoka katika Kiarabu ra'iyya, maana yake kundi linalochungwa, kutoka shina ambalo ni ndugu wa kitenzi cha Kiebrania cha kuchunga kilichomo katika Zaburi ya 23 na katika Ezekieli. Hadithi ya Mtume Muhammad inayojulikana sana na Waislamu wa pwani, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inafundisha kwamba kila mtu ni mchunga naye ataulizwa juu ya alichokichunga: mtawala juu ya watu wake, mume na mke juu ya nyumba yao, mtumishi juu ya mali ya bwana wake. Mfano wa mtumishi ndio unaofungua maana. Hapa pia msingi wa kuchunga ni amana, na mwisho wake ni kuulizwa. Kwa hiyo wafasiri wa Biblia walipolitoa neno mchungaji, hawakuleta pwani wazo geni. Wasikilizaji wao Waislamu walikwisha kulijua kwa njia yao wenyewe, na lugha yao ilikwisha kulibeba katika neno raia, ingawa kwa karne nyingi limekuwa likitajwa bila ya kundi kukumbukwa.

Yaliyolipata neno raia yaweza kulipata neno mchungaji. Hilo si kosa la wasemaji, kwani maneno yote ya heshima hupitia njia hiyo. Lakini ni kazi ya watunga kamusi na wafasiri kuiacha njia ya kurudi ikiwa wazi. Kamusi ikitoa maana mbili za mchungaji, ya wanyama na ya Kanisa, haifai kuziandika kama majirani wasiojuana. Na mfasiri atakayeirudia Matendo 20:28 atafanya vema kuweka -chunga mahali pa -lisha, ili wazee wa Efeso wasikie neno lile lile alilosikia Petro. Makanisa mengi ya nchi hizi yameona magomvi juu ya mali na madaraka, na katika magomvi hayo jina la mchungaji hutajwa na pande zote mbili, mmoja akidai kutiiwa na mwingine akidai hesabu. Maandiko yanawajua wote wawili, lakini yanaanza na hesabu.